Nyumba ya mtaa wa pili imeuzwa milioni 95. Yangu niiuze kiasi gani?

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Ilazo, Dodoma, na ninataka kuiuza. Dalali anasema niitangaze kwa shilingi milioni 130 kwa kuwa jirani yangu ametangaza hivyo, ilhali nyumba ya mtaa wa pili iliuzwa milioni 95 mwaka jana. Nifuate ipi?
Msomaji, Ilazo

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye milioni 95, kwa sababu hizo ni fedha zilizotoka mfukoni mwa mnunuzi, ilhali milioni 130 ni matarajio ya mtu ambaye bado hajapata mteja. Hata hivyo, nyumba moja haitoshi. Tafuta walau tatu zilizouzwa karibuni katika eneo lilelile, kwani bei za Nkuhungu hazitakuongoza, wala za Mtumba, ambako Mji wa Serikali umebadili kabisa hesabu za viwanja.

Unapolinganisha nyumba hizo na yako, kinachorekebishwa ni bei ya nyumba iliyouzwa, si ya kwako, na hapa ndipo wengi hujichanganya. Ikiwa nyumba ile ina ukuta na kisima ambavyo wewe huna, punguza kwenye ile milioni 95. Ikiwa kiwanja chako ni kikubwa kuliko chake, ongeza. Usiweke gharama ya fundi na saruji, bali kiasi ambacho wanunuzi wa Ilazo hukubali kuongeza kwa ajili ya kitu hicho, na mara nyingi kiasi hicho ni kidogo kuliko ulichotumia kujenga.

Kwa Dodoma, nakusihi uitazame hati kabla ya vigae na dari. Hati za iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, zilikuwa za kumiliki ardhi kwa miaka 33, na mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017 ikaelekezwa kwamba zitolewe za miaka 99. Nyumba mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa na hati ya miaka 99 na nyingine ikiwa na karatasi ya mauziano tu, haziwezi kulinganishwa kama zilivyo.

Bei iliyoandikwa kwenye mkataba nayo uihakiki kwa mnunuzi mwenyewe, maana wapo wanaoandika pungufu ili kukwepa kodi, jambo ambalo ni kosa na linawapotosha wauzaji wanaofuata. Ukihitaji thamani ya kupeleka benki au mahakamani, mwone mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.