Bafu lenye niru na rangi ya mafuta: je, vigae vitashika?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunakarabati nyumba yetu ya zamani hapa Nkuhungu, Dodoma. Kuta za bafu zilipigwa niru na kupakwa rangi ya mafuta. Fundi anataka kuzidonoa kidogo kwa patasi na kubandika vigae juu yake. Je, vitadumu?

JIBU: Ndugu yetu, mzuie kwanza. Saruji ya vigae itashika rangi, rangi imeshika niru, na niru ni tabaka laini linalokwanguka hata kwa ukucha; unyevu ukiifikia, vigae vitabanduka pamoja nayo. Kazi ya kukwangua inachosha na fundi atadai nyongeza, lakini ningekuwa wewe ningenunua vigae vya bei nafuu ili nimlipe.

Akwangue mpaka plasta ya mchanga ionekane, kisha aurushie ukuta maji kidogo. Yakiteleza kwa matone, rangi bado ipo. Yakinywewa na ukuta ukageuka rangi ya kijivu iliyoiva, pametosha. Baada ya hapo agonge kila mahali kwa mpini wa nyundo, na panapotoa mlio wa mtungi mtupu pabomolewe mpaka kwenye tofali, kwa sababu plasta ya hapo imekwisha kuachana nalo.

Mabomba ya ndani ya ukuta yajaribiwe kwa maji kabla ya kupiga plasta mpya. Plasta yenyewe iwe ya saruji sehemu 1 kwa mchanga safi sehemu 4, na uso wake uachwe na mikwaruzo.

Kwetu Dodoma kazi nyingi huharibikia hapa: upepo mkavu wa kiangazi hunyonya maji ya plasta kabla saruji haijakomaa, nayo hubaki ikipukutika kama unga. Zibeni dirisha kwa turubai, na ukuta unyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, msiyatumie, kwani chumvi hiyo hujitokeza baadaye kwenye viungio vya vigae kama ukungu mweupe.

Ukuta ukikauka, upimwe kwa timazi na rula ndefu. Upande wa bomba la mvua upakwe dawa ya kuzuia maji mara 2, ikiwemo kona ya ukuta na sakafu, ambayo mafundi wengi huisahau.