Re: Batri ya velo ya umeme inanimalizikia ku mupando

Jambo ndugu. Unasema walikuuzia velo ya umeme, wakakuambia inatembea kilometa 60 na charge moja, na kila siku ya yenga batri inakuacha katikati ya mupando wa Kadutu, hapa Bukavu, kundi inakungoja. Angalia kwanza uko kwenye mode gani (ile ya kuchagua motere ikusaidie kiasi gani), mimi nilikuwa natoka nayo Nguba kwenye turbo, ile ya nguvu sana, njo maana nilifika ku Kadutu imebakia kijiti kimoja cha batri. Zile 60 ni za barabara sawa, na batri ya 36V 10Ah iko na 360 Wh tu (36 mara 10, njo umeme yote inabeba). Sasa natembea na eco, ile mode ya kutumia umeme kidogo, naongeza ku mupando, na vitesi naishusha mbele ya kuanza kupanda. Finya mataili pia, ikibonyea weka pumpu. Ikizimika utasukuma kilo 20 na zaidi, benye velo za kawaida bakicheka (mimi balinicheka mpaka nyumbani).