Barua kwa mwanangu aliyeombwa kufundisha kwaya

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Moshi hatujambo. Baba yako mafua yamemwachia na ameanza tena kwenda shamba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wazee wa usharika wenu hapo Arusha wamekuomba uifundishe kwaya, kwa kuwa mwalimu aliyekuwapo amehamishwa kikazi. Nawe unaniuliza: "Mama, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii, au ni kujitolea tu mpaka uzee?"

Tuanze na fedha, tuziweke kando. Mshahara wangu ulitoka shuleni siku zote. Nilikwenda kusomea ualimu Butimba, Mwanza, kwa sababu chuo kile kilifundisha muziki, kisha nikarudi kushika chaki shule ya msingi hapa mjini. Kwaya ilikuwa ya jioni na Jumapili. Kanisani nilipata nauli, kitenge cha sare, na sala za watu wengi. Ada zenu hazikutoka huko. Kwa hiyo uhasibu wako usiuache, na mtu asikuambie kwamba kubaki nao ni upungufu wa imani.

Ila nahisi unataka kujua pia kama miaka ile ilikuwa na faida. Ilikuwa nayo, mwanangu, na nitakueleza ilipo.

Unajua nilikulia Old Moshi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaja na tenzi zao za Kijerumani za sauti nne. Nilipokuwa msichana, mwinjilisti wetu alikuwa akiandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi na kuendelea, nukta mbili zikitenganisha mapigo na kistari kikirefusha sauti. Hakuna kinanda, hakuna mistari mitano ya nota. Siku moja alibandika wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, akatutajia do, akanyamaza. Tukausoma, sauti ya pili tukiwa wasichana wanne, na ukatoka. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kumwogopa mtu mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Nota za solfa zilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na vyombo wala walimu wa gharama, na ndiyo maana zilishika mizizi huku kwetu. Mashine ya chapa ya ofisi ya usharika ilitosha kuandikia wimbo mzima.

Basi ukikubali, wafundishe kusoma. Kwaya nyingi hukariri: mwalimu anaimba, wao wanaitikia, kila sauti kwa zamu, na ukifika kwa besi, sauti ya chini, wale wa soprano, sauti ya juu, wameshasahau. Mwalimu akihamishwa, kwaya inakufa. Si ndicho kilichowapata ninyi? Dakika kumi na tano za kila mazoezi ziwe za nota, hata kama wanalalamika, na watalalamika. Wale wazee wa besi hapa mjini walikuwa wakiniita "binti" na kukunja mikono. Sikubishana nao. Niliwapa karatasi za wimbo mpya, nikawapigia do kwenye kinanda, nikasubiri. Mzee wa kwanza aliyeupata mstari wake mwenyewe aliuimba mara tatu mfululizo kwa furaha, na tangu hapo aliwahi mazoezi kuliko vijana.

Katika kufundisha, mtu ninayemkumbuka mara nyingi ni Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, hana cheo kingine. Mwaka 1897 akatunga wimbo, akauandika kwa solfa hizi hizi, kwa ajili ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905, bado kijana. Leo tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, Zambia wanaitumia, na Afrika Kusini ni sehemu ya wimbo wao. Angeifundisha kwa kukaririsha tu, pengine ingeishia kwenye kuta za darasa lile.

Siku utakayoanza kutunga, na najua utaanza, yaseme maneno kwanza kwa mdomo, polepole, kabla ya kutafuta tuni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani humalizia mstari kwa pigo zito. Sasa tukiimba "Mungu" mahali hapo, uzito wote unaangukia "ngu", na mzee aliyekaa nyuma hasikii neno vizuri. Nimewasikia watu wazima wakiimba ubeti miaka yote bila kujua unasema nini, na inaniuma. Hapo Makumira, kwenye chuo cha theolojia cha Walutheri, katika miaka ya 1960, mwanafunzi wa theolojia aitwaye Bernard Kyamanywa aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kitanzania, na maneno yanakaa kwenye mapigo kama mtu anaongea. Mwalimu wake Howard Olson aliutafsiri, na sasa uko katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Makumira si mbali nawe, ni kupanda gari la Usa River tu, na wanafundisha muziki mpaka shahada. Nenda ukaulize kama wana kozi fupi au mwalimu wa kukusikiliza.

Kila unachotunga, andika jina lako na tarehe juu ya karatasi. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanasajili kazi za watunzi. Mimi wimbo wangu wa Pasaka ulirekodiwa na kwaya moja, kaseti ikauzwa, na jina langu halikuwamo popote. Sikuhitaji fedha zile, lakini niliumia, na sitaki uumie hivyo.

Sauti yako pia itunze. Usishindane na spika. Juni na Julai baridi ikiingia, wapashe wanakwaya sauti kwa kuimba midomo ikiwa imefumbwa kabla ya kupanda juu, na soprano wanaopiga kelele wapumzishe bila kuwaaibisha mbele ya wenzao. Misiba itakuchosha kuliko yote: utaitwa usiku, utaimbia watu unaowapenda, na lazima do itoke sawasawa wakati koo limekukaba. Mimi nilikuwa navuta pumzi mpaka tumboni, kisha namtazama mtu wa sauti ya nne, maana besi huwa wanalia mwishoni.

Jibu langu ni ukubali, lakini uwaambie wazee mambo mawili kabla ya kusema ndiyo: siku za mazoezi ni mbili kwa wiki, si nne, na wanunue karatasi na kalamu za ubao kabla ya kununua sare. Nitumie kwa simu idadi ya waimbaji wa kila sauti, hasa sauti ya tatu, yaani teno, ili nikuchagulie nyimbo tatu za kuanzia. Daftari zangu za nota ziko juu ya kabati. Baba yako atazishusha Jumamosi.

Mama yako