Kabla hujalipia sarafu ya meli iliyozama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha: amepata sarafu ya dhahabu ya meli ya SS Central America, cheti cha kuthibitisha imetoka humo kipo, je, alipe? Moyo ulinienda mbio. Ni maneno yaleyale niliyomwambia mke wangu miaka sita iliyopita.

Wakusanyaji wenzangu mnaijua meli ile. Septemba 1857 ilizamishwa na kimbunga nje ya pwani ya Carolina, Marekani, watu zaidi ya 400 wakafa maji, na dhahabu ya California ikatua kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Mabaki yalipopatikana mwaka 1988, sarafu nyingi za dola 20 zilikuwa mpya kabisa: zilitoka kiwandani San Francisco zikapakiwa melini bila kushikwa sokoni. Na dhahabu hailiwi na chumvi.

Yangu, ya dola 20, ilikuwa na mwaka 1857 na herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, chini ya tai. Mizani ikasoma gramu 33.4, barabara. Nikalipa.

Miezi mingi baadaye ndipo nilipoitazama kwa lenzi nikiwa nimetulia. Nywele za mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, pale juu ya sikio, zilikuwa zimelika kwa kupita mikononi mwa watu. Nikatoa cheti. Sarafu ya kwenye picha ya cheti ilikuwa na mkwaruzo shavuni; shavu la yangu lilikuwa safi. Dhahabu ilikuwa halali, cheti halali, ila cheti ni cha sarafu nyingine! Nililipia historia nikapewa dhahabu tu. Muuzaji hakupokea simu yangu tena. Bado inaniuma.

Kwa hiyo, ndugu zangu, linganisheni picha na sarafu, alama kwa alama. Ikiwa sarafu imezibwa ndani ya kasha, ingiza namba iliyo kwenye kasha kwenye tovuti ya kampuni iliyoikagua, kisha linganisha tena. Mwaka jana nilipopata ya kweli, nililinganisha jioni tatu mfululizo, na muuzaji alipoanza kunihimiza nilipe haraka nilimwambia asubiri. Akasubiri.

Tuwe na heshima pia. Wako waliozama na dhahabu waliyoichimba kwa miaka. Anayelibandika jina la meli ile kwenye sarafu isiyokuwamo anawaibia hata marehemu, nasi tunaonunua bila kuuliza tunamsaidia.

Yule msomaji nimemwomba picha mbili, ya sarafu na ya cheti. Mpaka sasa muuzaji amempa ya cheti tu.