Krimu Haitofautishi Nywele na Ngozi: Maswali ya Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua nne kati ya nilizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni uondoaji wa nywele mwilini. Nimeamua kuzijibu pamoja. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa kuwa mwandishi wake ameumia.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Igoma, Mwanza. Baada ya wiki 3 nina sherehe ya kuagwa, na gauni nililoshonewa halina mikono. Kwa kuwa wembe huniachia vipele kwapani, nilinunua krimu ya kuondoa nywele kwa mchuuzi wa barabarani. Maelezo ya kwenye boksi yalikuwa kwa lugha nisiyoijua. Nilipaka, na dakika 5 zilipopita nikaona nywele bado zipo, basi nikaiacha kama nusu saa huku nikiendelea kupika. Nilipoosha, nywele zilitoka zote lakini ngozi nayo ikachubuka. Rafiki yangu alinishauri nikamulie ndimu ili kukata makali ya dawa, na jirani akaniambia nipake dawa ya mswaki. Leo ni siku ya 4, makwapa yamekuwa meusi, yanavuta na yanatoa majimaji kidogo. Je, nimeharibika? Na ninaweza kurudia kabla ya sherehe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hukuharibika. Ngozi iliyochubuka juu juu kwa kawaida hujifunga yenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2, ingawa weusi unaobaki unaweza kukaa miezi kadhaa. Kurudia kabla ya sherehe ni hapana, na nitakueleza sababu yake, maana ukiielewa hutahitaji tena kumuuliza rafiki wala jirani.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo nyuzi zake zimefungamana kwa vifundo vya salfa. Krimu hizi karibu zote zina kemikali ya jamii ya thioglikoleti, ambayo kazi yake ni kuvifungua vifundo hivyo mpaka unywele ulegee kama uzi uliooza na kufutika kwa kitambaa. Kemikali hiyo haifanyi kazi vizuri peke yake, kwa hiyo huchanganywa na kitu kikali cha jamii ya magadi au chokaa. Katika kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi na magadi, ambacho 7 ndiyo katikati yake, chini yake asidi na juu yake magadi, ngozi yetu huwa karibu na 5, ilhali krimu hizi mara nyingi hufika 12. Ile harufu ya mayai viza ambayo bila shaka uliisikia ni ya salfa, wala haimaanishi kwamba dawa imeoza.

Sasa, tabaka la juu kabisa la ngozi nalo limejengwa kwa keratini. Krimu haina macho ya kutambua huu ni unywele na hii ni ngozi; inavila vyote viwili, ila unywele huinywa dawa upesi na kulegea mapema, na ngozi huchelewa kidogo. Biashara nzima ya krimu hizi imesimama juu ya pengo hilo la dakika chache. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha saluni akiwekwa dawa ya kulainisha nywele, huku msusi akimwambia avumilie kidogo nacho kichwa kinawaka moto, ameshalijua jambo hili kwa mwili wake, kwa kuwa dawa ile nayo huvifungua vifundo hivyohivyo kwa ukali wa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba saluni yupo mtu anayeangalia saa, na wewe ulikuwa unaangalia sufuria.

Krimu nyingi huruhusiwa kukaa mwilini kati ya dakika 3 na 10, na ile dakika ya 10 ni ukomo, hata kama nywele hazijatoka zote. Zisipotoka, osha, acha ngozi ipumzike angalau saa 72, ndipo ujaribu tena. Nywele nene na ndefu kama za kwapani hutakiwa kupunguzwa kwanza kwa mkasi, kwani dawa hupotea bure ikihangaika na urefu wa unywele ambao hauna haja ya kuyeyushwa. Wembe usipite mahali hapo siku moja kabla wala siku moja baada yake. Kiondoa harufu na manukato pia yangojee saa 24.

Kuhusu ndimu, sikubaliani kabisa na rafiki yako. Ni kweli kwamba asidi hupunguza ukali wa magadi, lakini hesabu hiyo ni ya kwenye chupa ya maabara. Juu ya ngozi iliyochubuka asidi huongeza jeraha juu ya jeraha. Dawa ya mswaki nayo huziba kidonda na kukifanya kiwe kigumu kusafisha. Kinachotakiwa pale ngozi inapoanza kuchoma ni kuifuta krimu mara moja kwa kitambaa laini, kisha kumwagia maji safi ya uvuguvugu au ya baridi, bila sabuni na bila kusugua, kwa dakika zisizopungua 20. Najua kwamba katika mitaa yetu ya milimani maji hayatoki kila siku. Kwa hiyo nasema hivi: kama ndoo haijajaa, usifungue boksi.

Kwa siku ulizofikia, osha makwapa kwa maji matupu, kausha kwa kugusagusa tu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na uvae nguo ya pamba iliyopwaya. Hata hivyo, umesema yanatoa majimaji. Yakianza kutoa usaha au harufu, wekundu ukisambaa, au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, wala usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nami nalazimika kukuuliza wewe. Je, unatumia mkorogo, yaani mchanganyiko wa kung'arisha rangi ya ngozi? Sikusudii kukuaibisha. Mabinti wengi wanaojiandaa kwa harusi huanza kujipaka miezi kadhaa kabla, na baadhi ya michanganyiko hiyo huwa na dawa za jamii ya steroidi ambazo hukondesha ngozi, au zebaki, au haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi. Ngozi iliyokondeshwa namna hiyo haina lile pengo la dakika nililolieleza, na krimu ambayo dada yako ameitumia salama kwa dakika 6 itakuunguza wewe kwa dakika 3. Kama jibu ni ndiyo, mweleze mhudumu wa afya atakayekuona, na usijaribu kuondoa weusi wa makwapa kwa mkorogo huohuo. Weusi huo ni alama tu ya ngozi iliyokasirika, na hupungua polepole ikiachwa bila kuchokozwa.

Kwa siku ya sherehe, ikiwa ngozi itakuwa imefunga kabisa, mtu mwenye mkono mtulivu azipunguze nywele kwa mkasi au kwa mashine ya kinyozi bila kugusa ngozi. Hakuna mgeni atakayekaribia kiasi cha kuona kilichobaki. Na boksi lile litupe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lakini shirika haliwezi kusimama kando ya kila meza ya barabarani, na krimu iliyoshinda juani bila maelezo unayoweza kuyasoma ni ya kukataa hata ukipewa bure. Siku ukinunua nyingine, soma kama inaruhusiwa kwapani, maana nyingine ni za miguu tu, kisha paka tone moja upande wa ndani wa mkono kwa muda ulioandikwa, osha, na ungoje saa 24. Fanya hivyo kila unapofungua aina mpya.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kila nikinyoa ndevu kwa wembe shingo yangu hujaa vipele vinavyouma, na vingine vimeacha makovu yaliyovimba. Nimeona krimu ya mke wangu ya kuondoa nywele za miguu. Je, naweza kuitumia kidevuni?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wazo lako lina ukweli ndani yake, ila krimu hiyo si yako. Nywele zetu Waafrika zimejiviringa, na wembe unapozikata karibu mno na ngozi huziachia ncha kali iliyochongoka kwa mshazari. Ndevu inapoanza kuota hujikunja, ikaitoboa ngozi na kuingia tena ndani, na mwili huipokea kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vyako. Krimu huiacha ncha ikiwa butu na laini, kwa hiyo wapo wanaume wanaopata nafuu kubwa kwa kuitumia. Lakini ngozi ya uso ni nyepesi kuliko ya miguu, na krimu iliyotengenezwa kwa miguu itakuunguza. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya ndevu, usiitumie zaidi ya mara moja au mbili kwa wiki, na usiipake juu ya vipele vibichi wala karibu na midomo na macho. Ukishaitumia, jikinge na jua angalau kwa siku moja. Kwa mtu anayesimama ufukweni tangu alfajiri akianika dagaa, sharti hilo ni gumu, basi itumie jioni ya kuamkia siku ya mapumziko.

Ningekuwa wewe, ningeanza na njia isiyo na gharama. Acha ndevu ziote kwa mwezi mmoja bila wembe, ili zile zilizozama zichomoke zenyewe, halafu uwe unazipunguza kwa mashine na kuacha urefu wa karibu milimita 1. Makovu yaliyovimba ni habari nyingine, hayo hayaondoki kwa krimu ya aina yoyote. Muombe daktari wa kituo chako akupe rufaa kwenda kliniki ya ngozi, na uende mapema kabla hayajakua. Wembe wako usimwazime mtu, wala usikubali wa kinyozi usioufungua wewe mwenyewe, kwa sababu homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita katika damu hata ikiwa ni kidogo.

SWALI: Naandika kutoka Ukerewe. Bibi yetu alitunyonyoa nywele za kwapa kwa jivu, na zilikaa muda mrefu bila kurudi. Mbona za krimu hurudi ndani ya wiki? Na je, hurudi zikiwa nene zaidi?

JIBU: Bibi alikuwa anaing'oa na mzizi wake. Jivu halikuwa dawa, lilikausha jasho ili vidole vishike. Krimu huyeyusha unywele mpaka chini kidogo tu ya ngozi, mzizi ukabaki mzima na kuendelea na kazi yake. Unene hauongezeki hata kidogo. Unywele uliokatwa huota na ncha butu badala ya ile nyembamba ya asili, na mkono ukipita juu yake huuhisi kama kisiki.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi 8. Nimeambiwa nisiende kujifungua nikiwa na nywele sehemu za siri, na tumbo halinipi nafasi ya kuona ninaponyoa. Je, nipake krimu?

JIBU: Usipake, mama. Ngozi ya huko ni laini, kipindi hiki huwa nyepesi zaidi kukasirika, na usichokiona huwezi kukipangusa kwa wakati. Isitoshe, hulazimiki kunyoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma za uzazi haupendekezi kumnyoa kila mama anayekwenda kujifungua kwa njia ya kawaida, na wembe wenyewe huacha michubuko ambayo vijidudu huipenda. Kama unaona haya, muombe dada au mama mkwe mnayeelewana akupunguzie kwa mkasi safi. Mkunga hatakutazama huko, atakuwa anamtazama mtoto.