Kelele za MeToo zimebaki na nini?

Mkuu umeuliza kama MeToo, ile kampeni ya watu kufichua unyanyasaji wa kingono, ilibadilisha kitu au ulikuwa upepo wa kupita, mi naona ukimwangalia Weinstein, yule mtayarishaji filamu wa Hollywood aliyeshtakiwa kwa ubakaji, peke yake utakata tamaa, maana hukumu ya New York ya 2020, miaka 23 jela, mahakama ya rufaa ikaifuta 2024 kesi ikaanza upya (ya California bado imemganda lakini). Badala yake cheki mikataba ya kazi. Zamani Marekani wengi wakiajiriwa walikuwa wanasainishwa kwamba ukinyanyaswa kingono huendi mahakamani, mnamalizana kwa msuluhishi kimyakimya, na kampuni ndo imeshapanga atatoka wapi. Machi 2022 Biden kasaini sheria, mhanga akitaka mahakama anaenda. Hiyo inabaki hata kampeni ikisahaulika. Ila dada wa usafi anayeogopa kufukuzwa, huyo sioni kama kafikiwa kivile.