Ukinunua printi yenye namba, uliza kibao kiko wapi

Watu wakiona 7/30, yaani nakala ya 7 kati ya 30, imeandikwa kwa penseli chini ya printi (picha ya sanaa iliyochapwa) wanajua tu kwamba ziko chache, basi wanatoa hela. Mimi nachapa lino mwenyewe, yaani nachonga picha kwenye kibao cha linoleamu, nakipaka wino na kukigandamiza kwenye karatasi, na nanunua za wenzangu pia, na ukweli ni kwamba hiyo namba ni ahadi tu, yeyote mwenye penseli anaweza kuiandika. Cha kuuliza ni kibao kimeenda wapi baada ya nakala ya 30.

Wengine wakimaliza wanakikwaruza mistari ya kukiharibu. Mimi natumia mtindo ambao kibao kinajimaliza chenyewe, yaani kimoja hicho hicho kwa rangi zote: nachapa njano kwenye karatasi zote, narudi kuchonga, nachapa nyekundu juu yake, nachonga tena, mpaka ikifika zamu ya nyeusi lino imebaki vimistari tu. Picasso alichapa hivyo kazi kadhaa akiwa kusini mwa Ufaransa. Hapo hata nikitaka kukuongezea ya 31 siwezi, ile njano haipo tena. Ndo maana huwa naanza na karatasi za ziada, maana kuna zitakazochafuka na kuna ambazo rangi itakaa upande, na zikiharibika zimeharibika.

Halafu msigombanie 1/30 jamani. Karatasi zinaning'inizwa zikauke, zinachanganyika, ndo mtu anakaa kusaini, kwahiyo namba si lazima ifuate mpangilio wa kuchapa. Ila kwa draipointi, ile ya kukwaruza sahani ya shaba kwa sindano, nakala za mwanzo kweli huwa na weusi mzito zaidi, kwa sababu kingo za mikwaruzo zinasagika kila sahani ikipita kwenye mashine. Na ukiona A/P badala ya namba, hizo ni za msanii mwenyewe, mara nyingi kama asilimia 10 ya toleo. Akiwa nazo 20 kwenye toleo la 30, hebu shtuka.

Beba kioo cha kukuzia. Wino wa lino utauona umejikusanya kidogo pembezoni mwa mstari, ya printa ya kompyuta ina vidoti vidogo vya rangi. Sio kwamba ya printa ni mbaya, ila ni kopi ya mchoro, isiuzwe bei ya kitu kilichochongwa.

Kwenye historia ya msanii mimi naruka orodha ya maonyesho. Nataka kujua uchapaji alijifunzia wapi, na anachapa mwenyewe au kuna karakana inamchapia. Karakana sio aibu hata kidogo, nyingi zinagonga muhuri wao mdogo pembeni ya karatasi.

Mwisho omba akuandikie jina la kazi, mwaka, aina ya karatasi, jumla ya nakala pamoja na A/P, na kibao kilifanywa nini baada ya kumaliza kuchapa. Ni meseji moja tu. Akianza kuzungukazunguka, mimi huwa sinunui.